Malkia Anna na Majivu ya Jikoni

Majivu yakikutana na limau yana harufu yake, na mimi nikiinusa tu, hata leo, mguu wangu wa kushoto huanza kuwasha palepale penye kovu, na uso wa malkia mmoja wa Uingereza hunijia mbele ya macho. Najua ninavyosikika. Mtoto wa wakimbizi wa kambi ya Nakivale, aliyekulia chini ya turubai katikati ya mashamba ya maharage, anajuana wapi na malkia? Lakini nilimjua, tena kwa jina, na nilimwosha uso kwa mikono yangu hii. Jambo nililomfanyia msimu ule wa kiangazi, nikiwa na miaka kumi, nililibeba miaka kumi na mitano bila kumwambia mtu.

Kwanza nieleze habari ya sufuria, maana bila sufuria hakuna kisa. Kwa mama zetu waliotoka Kivu ya Kusini, sufuria si chombo cha kupikia tu. Kila Jumamosi alasiri wanawake wa kijiji chetu cha Nakivale walizitoa sufuria zao nje, wakazisugua kwa majivu, mchanga laini na limau, kwa nyuzi za mgomba, mpaka zikawa kama vioo. Kisha walizipanga juu ya kichanja mbele ya nyumba, matako yakitazama njia, ili kila apitaye aone. Mwenye mtoto wa kiume wa kuoa alipita taratibu, akajifanya anatafuta mbuzi wake aliyepotea, kumbe anakagua vichanja. "Mutoto mwanamuke banamujulia ku sufuria yake," mama aliniambia tangu sijui kutembea vizuri. Tulikosa chumvi, tukakosa sabuni, lakini majivu hayajawahi kumpungukia mkimbizi. Nikiwa na miaka minane tayari nilikuwa nasugua sufuria vizuri kuliko wasichana wa miaka kumi na tano, na sifa hizo zilinivimbisha kichwa, sikatai.

Mwanzoni mwa kiangazi kile nilijikwaa kwenye mafiga, chungu cha maharage kikanimwagikia mguu. Zahanati ya kambini walinifunga, wiki ya kwanza, wiki ya pili, kidonda kikagoma. Wakatuandikia karatasi ya kwenda Mbarara, nibadilishwe bandeji mara mbili kwa wiki. Kutoka kwetu mpaka Mbarara ni njia ya vumbi inayopita Isingiro, na hakuna mama wa kuipanda na kuishuka mara mbili kwa wiki na binti wa miaka kumi mgongoni. Mwanamke mmoja wa kanisani kwetu akamwambia mama kwamba kuna Haji mmoja, ng'ambo ya mto Rwizi upande wa Nyamitanga, anamwoza mjukuu wake baada ya miezi miwili, na nyumba yake inatafuta mikono ya kufua na kupika. Baba akabaki na shamba na wadogo zangu. Mama alifunga nguo zetu ndani ya kitenge, na juu yake akabeba sufuria moja, nadhani kwa sababu aliona haya kuingia nyumba ya watu mikono mitupu.

Haji Yahya alikuwa sonara. Asili yao ni Bukoba. Baba yake ndiye aliyevuka mpaka pale Kikagate na nyundo ndogo mfukoni akaja kufua dhahabu Mbarara. Nilipomkuta mimi, Haji alikuwa ameshamwachia duka la mjini mwanawe Hamidu, kwa kuwa macho yalimchoka, naye akabaki barazani na redio, kikombe cha chai ya tangawizi, na kisanduku cha mbao kisichozidi ukubwa wa tofali. Mimi sikuweza kucheza na mguu ule, yeye hakuwa na kazi, tukapatana. Asubuhi mama alinikalisha mkekani karibu na kiti chake na kunionya, "Mapendo, kaa fasi moja. Usisumbue Haji." Mama akigeuka tu, Haji hunong'ona, "Haya bibie, nisumbue."

Ndani ya kisanduku kile, kila moja ikiwa imeviringishwa kwenye kipande chake cha kitambaa, mlikuwa na sarafu tisa za dhahabu za Kiingereza, zilizotengenezwa karibu miaka mia tatu kabla. Saba zilikuwa za malkia aliyeitwa Anna, mbili za mfalme aliyemfuata. Haji alizipata moja moja, kwa muda wa maisha yake yote. Wanawake walipoleta mikufu ya bibi zao iyeyushwe itengenezwe upya, mara moja baada ya miaka mingi aliona sarafu kongwe imejificha kati ya shanga. Masonara wenzake walizitupa motoni pamoja na vingine. Yeye roho haikumruhusu. Alimlipa mwenye mkufu dhahabu kwa dhahabu, akaiweka sarafu mfukoni. Moja aliipata kwa bibi mmoja wa Masaka. Nyingine aliifuata Mombasa, akauza baiskeli yake kwa ajili yake, na marehemu mkewe akamnunia mwezi mzima. "Pete naweza kutengeneza nyingine kesho," aliniambia. "Lakini hii, fundi wake ameshaoza. Nikiiyeyusha nitamwomba nani msamaha?"

Alinifundisha kuzishika: vidole viwili, kwenye ukingo, kama unavyomshika nzi usiyetaka kumuua. Usimguse malkia usoni, alisema, vidole vina jasho na mafuta. Nikajifunza kusoma herufi zilizomzunguka, A-N-N-A, na hilo likawa neno la kwanza nililosoma mwenyewe bila mwalimu mwenye fimbo. Alikuwa mama mnene, shingo nene, nywele zimefungwa kwa utepe, sura ya mtu aliyelia akanawa uso kabla wageni hawajaingia. Haji akanieleza kwamba malkia huyu alibeba mimba kumi na saba na hakubakiwa na mtoto hata mmoja. Mama alikuwa anaanika nguo pale uani, akasimama na shuka mkononi. Yeye mwenyewe alimzika mdogo wangu njiani tukikimbia, porini, bila hata ubao wa jina. "Kumi na saba?" akauliza. "Na hakubaki hata moya?" Haji akatikisa kichwa. Mama akaja, akafuta mikono kwenye kitenge, akamtazama malkia muda mrefu. "Pole, mama," akamwambia, kisha akarudi kwenye nguo zake. Tangu siku hiyo kila apitapo barazani aliuliza, "Malkia ameamuka je?"

Yule mfalme aliyemfuata alikuwa mgeni, alitoka nchi nyingine na Kiingereza hakukijua vizuri. Nikauliza kama alikuwa mkimbizi kama sisi. Haji akacheka mpaka chai ikamwingia puani. Akasema la, huyo aliitwa kuja kutawala. Nikakaa nikawaza kwamba kumbe duniani wapo watu wanaohamia nchi ya watu bila kujua lugha na wanapewa kiti, tena cha enzi, wakati sisi tulipewa turubai na jembe. Lakini sarafu niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya malkia na tembo. Chini ya shingo ya Anna, mahali ambapo usingetazama, palikuwa na tembo mdogo kama punje ya mtama, amebeba mgongoni kingome kidogo. Ilikuwa alama ya kampuni iliyoipeleka dhahabu ile Uingereza, Haji alisema, nayo iliitoa Afrika, upande wa magharibi. "Dhahabu ya watu weusi," akasema, "na tembo ndiye shahidi." Mimi ambaye baba yangu aliwahi kuchimba dhahabu kule kwetu kabla ya vita, na hakuambulia hata pete, nilimpenda tembo yule kama ndugu.

Sasa harusi ilikuwa ya Zuleha, binti wa Hamidu, msichana mpole mwenye kicheko cha kujificha nyuma ya mtandio. Kwa desturi yao bibi harusi wa nyumba ya sonara hatoki mikono mitupu. Ni aibu iliyo kubwa kuliko ya sufuria chafu. Na biashara ya Hamidu mwaka ule ilikuwa imelala. Kila jioni akitoka dukani alikisogelea kisanduku kile. "Mzee, hizi vitu zimekaa tu kwa kasanduku kama panya," alisema. "Nyeusi, chafu. Nani anazitaka? Tuyeyushe, mtoto apate bangili." Haji alijibu kwamba asiyejua maana haambiwi maana, na Hamidu alikasirika, na mama na mimi tulijifanya hatusikii. Mwishowe wakakubaliana. Mjuzi wa sarafu kongwe angekuja kutoka Nairobi, siku ya Jumamosi. Akisema sarafu ina thamani kubwa kuliko dhahabu yake, ibaki, na Hamidu atatafuta bangili kwa njia nyingine. Akisema ni dhahabu tu, iende motoni. Haji akatoa neno lake. "Ahadi ni deni," akasema, na usiku huo redio haikufunguliwa.

Mimi nilijua kitakachotokea. Mjuzi wa Nairobi atafungua kisanduku, ataona weusi ule uliojikunja ndani ya herufi na kwenye mikunjo ya shingo ya malkia, atamcheka Haji. Hamidu alishasema, nyeusi, chafu. Na nani katika nyumba ile alijua kung'arisha kitu kuliko mimi? Ijumaa adhana ilipoita, Haji akavaa kanzu yake, akaniambia, "Nilindie malkia wangu," akashuka mjini kuswali. Mama alikuwa mtoni na nguo. Nikachechemea mpaka jikoni. Nikachukua malimau mawili, nikachekecha majivu kwa kitambaa yawe laini, nikachuna nyuzi za mgomba, nikaweka na kamchanga kidogo kwa zile sehemu sugu. Nikawaosha wote, malkia kwa malkia, mfalme kwa mfalme, nikiimba wimbo wa kanisani. Weusi ukatoka. Wahenga walisema si kila king'aacho ni dhahabu. Nami nilihakikisha kwamba dhahabu ile, walau, itang'aa. Nilimwacha mmoja tu, yule wa tembo. Niliogopa kwamba tembo ni mdogo mno, nikimsugua atafutika. Nikazikausha, nikaziviringisha kila moja kwenye kitambaa chake, nikarudi mkekani. Sijawahi kuwa na furaha kama ile. Nilimwonea huruma Haji kwa jinsi atakavyoshtuka kwa raha.

Haji hakukifungua kisanduku siku ile. Alisema hatawatazama tena kabla ya mgeni, asije akalegea moyo. Jumamosi mgeni akafika, mtu mwembamba, mpole, na kioo kidogo cha kukuzia alichokivaa jichoni. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," Haji akamkaribisha. Hamidu alikuwepo, Zuleha alileta chai, mama alisimama mlangoni, nami nilikuwa mkekani pangu nimenyoosha mguu kama mtu anayesubiri kupigiwa makofi. Mgeni akafungua kitambaa cha kwanza. Malkia akawaka jua lote la baraza lile. Akafungua cha pili, cha tatu. Akaenda mpaka wa mwisho. Kisha akavua kile kioo, akauliza kwa sauti ya chini kama anayeuliza habari za msiba, "Nani amezisafisha?"

Nilishafungua mdomo. Naapa, nilishafungua mdomo kusema ni mimi, kwa sauti ya kujisifu.

"Mimi," akasema Haji Yahya. "Nilitaka zing'ae."

Mgeni akamtazama kwa namna ambayo watu humtazama mzee aliyeanza kupotewa na akili. Akaeleza taratibu, akimhurumia. Sarafu kongwe haioshwi. Ule weusi ndio umri wake, na ngozi ya juu ikichubuliwa haioti tena; sasa kila shavu la malkia limejaa mikwaruzo. Nane hizi zimekuwa dhahabu ya kupima kwenye mizani, basi. Hii moja yenye tembo, hii haijaguswa, hii ni kitu kingine kabisa, na kama Haji angependa kuiuza yeye yuko tayari. Haji akasema haiuzi. Hamidu akainama, akashika kichwa. "Mzee," akasema, "miaka hamsini unazilinda, halafu unazisugua kama masufuria?" Haji akajibu, "Ndiyo uzee huo, mwanangu." Hakunitazama. Hakunitazama hata kidogo, na hapo ndipo nilipojua kwamba anajua. Maji yakimwagika hayazoleki. Nilitaka ardhi ya Nyamitanga inimeze na bandeji yangu.

Jumatatu akawasha moto kwenye kijitanuri cha zamani nyuma ya nyumba. Aliwahi kuniambia hajawahi kuyeyusha sarafu maishani mwake. Akanituma nikalete kisanduku, akaniambia nikae karibu nimpe mmoja mmoja, kwa ukingo, vidole viwili. Nikampa. Malkia akaingia kwenye kichungu cha kuyeyushia, chekundu kwa moto, akakaa kidogo na uso wake, kisha shingo ikalegea, herufi zikaogelea, akawa tone. Nililia. Nililia kwa sauti, kamasi na yote, na nikataka kusema, nikabaki nasema "babu, babu" tu. Akaniwekea mkono kichwani, mkono wenye joto la moto. "Usilie, bibie," akasema. "Huyu mama alizika watoto wote, hakupata mjukuu. Sasa ataishi mkononi mwa mjukuu wangu. Tumemtafutia pa kukaa." Zikatoka bangili sita. Zuleha alizivaa siku ya harusi, na kila aliponyanyua mkono nilishusha macho.

Mguu ukapona, tukarudi Nakivale. Haji alifariki miaka mitatu baadaye, nasi tulipata habari mazishi yakiwa yameshapita. Sikuwa nimesema. Nilikuwa nikijipa ahadi kwamba nitasema nikikua, na nilipokua nikajipa ahadi nyingine. Leo mimi ni mama mwenyewe, nafundisha darasa la kwanza hapahapa Nakivale, na nina binti wa miaka mitano. Kambi imebadilika. Kuna sahani za plastiki kila mahali, turubai limekuwa bati, na wasichana hawapimwi tena kwa vichanja, wanapimwa kwa simu walizo nazo. Mama yangu tu ndiye anayeendelea kusugua kila Jumamosi, na binti yangu hamwachii nafasi, anajifunza. Mwezi uliopita alichukua simu yangu, ile niliyoisubiri mwaka mzima, yenye picha zangu zote. Akaiosha. Akaitia kwenye beseni, akaisugua kwa majivu, mbele na nyuma. Nilipoipeleka kwa fundi pale sokoni, fundi akaitikisa, maji yakadondoka, akaniuliza, "Nani ameitia simu majini?" Binti yangu akafungua mdomo, macho yanang'aa, anangoja sifa. Nami nikamnyooshea kidole mbele ya watu wote, nikasema, "Huyu hapa." Kisha nikampiga kofi.

Mdomo wake ulivyofumba, siwezi kueleza. Kesho yake nikapanda gari la Mbarara.

Zuleha sasa ni mama wa watoto wanne, anakaa nyumba ileile Nyamitanga. Alinikumbatia, bangili sita zikalia mgongoni mwangu. Sikungoja hata chai. Nikamwambia yote, Ijumaa ile, malimau, majivu, mchanga, nikamwambia kwamba babu yake alidhalilika mbele ya mgeni kwa ajili yangu na mimi nikanyamaza. Akanitazama, akaanza kucheka kile kicheko chake, ingawa mtandio haufichi tena kitu.

"Mapendo," akasema, "babu yangu hajawahi kushika majivu tangu azaliwe. Tulijua sote. Mama yako alikuwa ameona malimau yamekamuliwa jikoni; Jumamosi ile mgeni alipoondoka tu, akaja akapiga magoti mbele ya baba na babu. Babu akamwinua. Akatukusanya, akasema atakayemwambia yule mtoto kwamba ameharibu kitu, asile kwake tena. Hata baba alinyamaza, na unamjua baba."

Miaka kumi na mitano. Mama yangu, asiyeweza kuficha hata bei ya nyanya. Zuleha akaingia chumbani, akatoka na kisanduku kile cha mbao. Ndani mlibaki sarafu moja tu, na weusi wake wote ndani ya herufi, na tembo wangu chini ya shingo na kingome mgongoni. Kitambaa kilikuwa kilekile, ila kimebandikwa kikaratasi chenye mwandiko wa Haji uliotetemeka: *Huyu asioshwe. Hata Mapendo akirudi.* Nilicheka na kulia kwa pamoja. Nikamshika kwa vidole viwili, kwenye ukingo, nikamrudisha mahali pake.

Nilifika Nakivale jioni. Mama alikuwa anapanga sufuria, akaniona uso, akajua nimetoka wapi. "Haji alinikataza," akasema tu, na kuendelea kupanga. Binti yangu alikuwa amejificha nyuma ya kichanja. Nikamwita, hakuja. Nikamfuata, nikakaa chini kwenye vumbi karibu naye, nikamwomba msamaha kwa lile kofi. Akachora ardhini kwa kidole.

"Mama," akauliza, "simu imepona?"

"Haijapona," nikamwambia. "Lakini imeng'aa."